Mti wa Katikati

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Gwandu, ng'ambo ya pili ya mto, na mimi nilikuwa kwenye mafiga na wanawake wenzangu tangu asubuhi, mguu wangu mbovu nimeunyoosha pembeni ya moto maana haukunjiki, nachambua ngwara, maharage ya huku kwetu, za kuchanganya kwenye makande ya waombolezaji. Katekista alipomaliza sala akasimama Lohay, mtoto mkubwa wa marehemu. Siku hizi ni mtu mzima mwenye kitambi na mvi, anaendesha watalii kutoka Karatu mjini kwenda kreta kuona wanyama. Akatoa karatasi akasoma wasifu. Akasoma mzee alizaliwa wapi, ameacha wajukuu wangapi, aliongoza kijiji muda gani. Halafu akasoma kwamba marehemu atakumbukwa kwa kujenga daraja la mto Endawe, linalounganisha mkoa wa Arusha na mkoa wa Manyara. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Binti mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu karibu yangu akaninong'oneza, "Kumbe mzee alifanya kazi kubwa hivyo, mama?" Nikamwambia, "Menya vitunguu, mwanangu." Huwezi kubishana wakati jeneza liko mbele ya watu. Lakini sasa ameshazikwa na udongo umekauka, kwa hiyo nasema. Gwandu hakujenga daraja kwa kupenda. Gwandu aliliacha lioze, yeye pamoja na Mzee Tluway wa upande wetu, na daraja hilohilo ndilo lililonivunja paja. Nawataja wote wawili kama nilivyowataja mwaka ule, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikijua vizuri kabisa nitakachokosa nikiwataja.

Daraja lenyewe, kabla ya hili la zege mnaloliona leo, lilikuwa la magogo. Waliotangulia walilijenga kwa akili ambayo hawa wawili hawakuwa nayo. Katikati ya mto kuna jiwe kubwa, mgongo wake umekaa kama kiti. Juu ya jiwe hilo ulilazwa mti mmoja mnene, kufuata maji yanavyokwenda, na magogo ya upande wetu yakaegemea juu yake, na magogo ya upande wa pili vilevile. Mti ule sote tuliuita mti wa katikati. Kila mwaka kabla ya masika watu wa pande zote mbili walitoka siku moja, wakabadilisha magogo yaliyochoka, kila upande nusu yake. Mti wa katikati ukihitaji kubadilishwa, ulibebwa na wanaume wawili tu wa mbele, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao, bega kwa bega, wengine wakishika nyuma, ili asije mtu akasema mti ni wa kwake. Jioni chungu kimoja cha makande kiliwekwa mchangani tukala pamoja. Nimekula makande hayo tangu sijaota meno ya mbele. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba mti ule ni wa wote. Ilitosha kwamba wote walikuwa wanaubeba.

Halafu serikali ikagawa mkoa. Mto wetu, ambao tulifulia nguo na kunyweshea punda bila kuuliza, ukaambiwa wewe sasa ni mpaka: kule ni Mbulu, mkoa mpya wa Manyara, huku ni Karatu, mnabaki Arusha. Mimi sikuona kilichobadilika. Nilikuwa nafanya kazi kwenye hoteli ya Mama Paskalina, hatua chache kutoka darajani, chumba kimoja cha udongo chenye mabati juu, meza tatu, mabenchi, na nyuma yake kijichumba cha magunia ya unga nilikolala. Nilipika chapati, maharage, chai ya maziwa yenye tangawizi, na siku za mnada nilibeba karai kichwani nikavuka kwenda kuuza kule ng'ambo. Asubuhi moshi ulitoka kwa pembeni ya bati ukakaa juu ya mto kama unafikiria pa kwenda. Nikikumbuka mwaka ule, pamoja na yote, nasikia kwanza harufu ya chapati ya mwisho, ile unayoikaanga kwa mafuta yaliyobaki, ambayo Mama Paskalina alikuwa anaikata mara mbili, nusu yake nusu yangu, tunakula tumesimama. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa pia nimeposwa. Lohay, huyohuyo wa wasifu, alikuwa kijana mrefu wa maneno machache, na wazee wa kwao walikwishaleta asali kwetu mara ya kwanza. Baada ya mavuno ningevuka mto kwenda kuwa mke wa mtoto wa Mwenyekiti Gwandu, na wasichana wenzangu walikuwa wananiita "mama Manyara" kunitania.

Kilichobadilika ni wale wenyeviti wawili. Tluway wa kwetu na Gwandu wa kwao walikuwa marafiki, wamechunga pamoja wakiwa watoto. Mkoa ulipogawanywa kila mmoja akajiona ni waziri wa mambo ya nje. Walikuja kunywa chai hotelini kwetu kama zamani, saa ileile, ila sasa kila mmoja meza yake, na wakawa wanaongea kwa kupitia kwangu. Tluway anasema, "Mwambie mgeni wa Manyara huku Arusha tunalipia chai kabla ya kunywa." Gwandu anasema, "Mwambie mwenye nyumba kule kwetu chai ina majani." Mama Paskalina anacheka kule jikoni mpaka anashika mlango. Mimi nilikuwa nachukulia utani, nikawa nabeba maneno yao pamoja na vikombe. Masika yalipokaribia, badala ya kutoa watu siku moja, kila mmoja akatoa watu wake siku yake. Tluway akapasua mbao za mkaratusi akapiga misumari mipya nusu yetu yote. Wiki iliyofuata Gwandu akaweka mbao pana zaidi, akaongeza na vizuizi vya kushika mkono pembeni. Daraja likapendeza sana jamani. Watu wa mnadani walikuwa wanasimama kuliangalia. Nusu mbili mpya, zinang'aa, na chini yake, juu ya lile jiwe, mti wa katikati uleule mzee ambao hakuna aliyeugusa, kwa sababu Tluway alisema umelala upande wa Manyara zaidi, na Gwandu alisema umelala upande wa Arusha zaidi.

Siku moja fundi Safari, seremala aliyepigia pande zote mbili misumari, aliingia hotelini wakati wote wawili wapo. Akavua kofia. Mimi nilikuwa nasukuma chapati, mgongo wangu kwao. "Wazee," akasema, "ule mti wa katikati umekwisha. Nimechoma panga likaingia mpaka mpini. Masika haya hautoboi." Tluway akaniambia, "Mwambie fundi huo mti wa Manyara asiniletee mimi." Safari akasema, "Mzee, mimi niko hapa, niambie mwenyewe." Gwandu akacheka kidogo kwa pua. Akasema, mara hii bila kunitumia mimi, "Acha uoze. Ukivunjika watu wataona Tluway ni mwenyekiti wa aina gani." Na Tluway akamjibu, "Acha uoze. Watauliza Manyara walikuwa wapi." Basi, wakamaliza chai. Hayo ndiyo maneno, sijaongeza na sijapunguza. Elimu yangu ni ya darasa la tano, lakini kusikia sikufundishwa shuleni. Safari alivaa kofia yake akatoka, na baada ya siku mbili akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, hakurudi mwaka ule. Naye namtaja. Aliona, akasema mara moja kwa wakubwa, halafu akanyamaza kwa wadogo, na wadogo ndio tulikuwa tunavuka.

Mtu ataniuliza, wewe si ulisikia, mbona ulivuka? Nilivuka kwa sababu mnada ulikuwa ng'ambo. Nilimwambia Mama Paskalina, tukawa tunavuka kwa kuachiana nafasi, punda wake kwanza. Nilimwambia Lohay pia, akasema baba yake ana mdomo tu, atautengeneza. Nikaamini, maana nilitaka kuamini. Siku ya mnada wa kwanza wa masika maji yalikuwa ya rangi ya chai, yameshika jiwe kiunoni. Punda akatangulia na gunia la unga. Mama Paskalina akasubiri ukingoni. Mimi nikafuata mbali kidogo, karai kichwani. Punda alipofika katikati nikasikia sauti, wala haikuwa kubwa, kama mtu amevunja muwa kwa goti. Nusu zote mbili zikainama kukutana, mbao mpya na misumari yake, na mimi nikateleza nazo kama mahindi kwenye ungo. Punda sikumwona tena. Mimi gogo lilinibana paja juu ya lile jiwe, kichwa nje ya maji, na chapati zangu nikaziona zinaenda zimejipanga kwa mstari.

Sasa hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, kuliko mguu. Watu walijaa kingo zote mbili. Wanaume wa kwetu, wanaume wa kwao, kamba zipo. Na nikasikia kwa masikio haya mtu anapiga kelele, "Yuko upande gani?" Na mwingine anajibu, "Yuko kwenu!" Nilikuwa juu ya jiwe la katikati, nitakuwa upande gani? Walikuwa bado wanaulizana wakati Mbarbaig mmoja mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa kijiji chetu wala chao, aliweka mkuki wake chini, akaingia mtoni akipima kwa fimbo, akaninyanyulia gogo, akanibeba begani. Hakuniuliza jina. Alinitua kwa Mama Paskalina, akasema kwa Kiswahili chake cha shida, "Huyu mzito kwa maumivu, si kwa mwili," akarudi kwa ng'ombe wake. Sijawahi kumwona tena. Nikipika siku ya sikukuu namtengea sahani moyoni.

Nilifungwa mguu hospitali, nikarudishwa kwenye kijichumba cha magunia kulala miezi. Nitashangaza watu nikisema kilikuwa chumba kizuri, lakini kilikuwa. Mama Paskalina alinitengenezea kitanda kwa magunia matupu, akabandika kalenda ya zamani ukutani ili niangalie ziwa fulani lenye ndege wekundu, na kila asubuhi alinipa mchuzi wa mifupa na mlenda mpaka nikamwambia mama nitateleza nitoke kitandani. Wanawake walinijia kutoka pande zote. Wa ng'ambo walizunguka mbali, juu kwenye maji mafupi, wakafika wamelowa mpaka magotini, mmoja na mayai, mwingine na mtindi. Wakakaa juu ya magunia wakaongea habari za waume zao kama mimi sina masikio. Nilicheka mpaka paja likapiga kelele. Upande wa pili wa ukuta wanaume walikunywa chai, na hao nao niliwasikia. Tluway alisema ni mafuriko, hakuna aliyejua. Gwandu alisema, nilimsikia vizuri, "Mti ulikuwa mzima kabisa. Ni punda, walimbebesha unga mwingi." Mama Paskalina alizima moto wa chai palepale. "Leo tumefunga," akasema. Saa nne asubuhi.

Kisha akaja akakaa pembeni yangu. Akasema, "Wanawake wanataka kukaa." Nikaelewa. Kwetu mwanamke akiumizwa mwili kwa kosa la mwanamume, wanawake wana haki ya kukusanyika wenyewe, wanahukumu wenyewe, na mwanamume anasubiri mbali aitwe. Akikataa hukumu, hakuna atakayempa hata moto wa kuwashia jiko, na hakuna atakayembariki mwanawe akioa. Lakini wanawake hawahukumu kwa uvumi. Lazima aliyesikia asimame aseme. Fundi alikwishakimbia, Mama Paskalina siku ile alikuwa nyuma anakata kuni. Nilikuwa mimi tu.

Kabla ya kikao Lohay alikuja. Alileta kibuyu cha maziwa, akakaa mlangoni, hakuingia. Aliangalia mguu wangu, akaangalia kalenda.

"Utasema?" akauliza.

"Nikiulizwa."

"Mtaje Tluway," akasema. "Tluway peke yake. Naye si alisema? Hutakuwa umedanganya. Mzee wangu ukimtaja mbele ya wanawake hatakubali uingie nyumbani kwake. Mimi siwezi kuoa juu ya kichwa chake."

"Na yeye alisema acha uoze."

"Najua alisema." Hapo sauti yake ikavunjika, nikamhurumia, sikatai. "Nakuomba nusu tu."

Nilimpenda. Niseme hivyo, maana ni kweli, na mume wangu mtu wa Ganako ambaye nimeishi naye vizuri miaka yote hii anajua. Nilikaa siku nne naangalia wale ndege wekundu. Nilifikiria: mguu mfupi, nani mwingine atanioa? Nilijaribu kulisema lile neno kimoyomoyo, Tluway, halafu nikome. Lilikuwa linakaa vizuri mdomoni. Tatizo lilikuwa kila nikifika mwisho wake nilisikia kile kicheko cha pua.

Tulikaa kwenye malisho kule juu ya mto, penye maji mafupi. Nilipelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wanawake walikuwa wengi kuliko niliowahi kuona mnadani, wa Karatu na wa Mbulu wamechanganyika wamekaa chini, fimbo zao zimelala mapajani. Na mbele kabisa alikuwa Mama Lohay, mke wa Gwandu, shuka lake limefungwa vizuri begani, ananiangalia. Bibi Yuliana, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyeuliza.

"Mwanangu, mguu wako tumeuona. Nani alijua mti umeoza?"

"Fundi Safari alijua. Akamwambia Mwenyekiti Tluway, akasema acha uoze."

"Peke yake?"

Niliangalia majani. Kulikuwa na mdudu mweusi anapanda unyasi, anafika juu, anashuka. Nikasema, "Na Mwenyekiti Gwandu. Alisema acha uoze, ukivunjika watu wataona Tluway ni mwenyekiti wa aina gani."

Ile kelele ya wanawake sijui niielezeje. Ilikuwa ya chini, kama mawe kwenye maji. Mmoja akasema kwa nguvu, "Kwa hiyo walikuwa wanajengeana daraja au wanatengenezeana mtego?" Watu wakacheka kwa hasira. Bibi Yuliana akamgeukia Mama Lohay. "Wewe ni mke wake. Msichana anamsingizia?"

Mama Lohay alisimama. Kisha akasema, "Hamsingizii. Hata nyumbani alisema hivyohivyo, akila." Akanigeukia mimi. "Umesema kweli, mwanangu. Na nyumbani kwangu hutakuja. Kila nikikuona unaniwekea chakula nitakumbuka leo." Akakaa. Sikumchukia. Katika watu wote wa mwaka ule, yeye peke yake aliyasema yote mawili bila kuficha hata moja.

Hukumu ilikuwa hivi. Kila mwenyekiti atoe dume jeusi, lichinjwe na kuliwa na wanawake tu, mwanamume asionje hata mchuzi. Mti mpya wa katikati utoke mlimani, na mbele waubebe Tluway na Gwandu wenyewe, bega kwa bega kama zamani. Watoto wao wanaruhusiwa kushika nyuma. Na siku daraja likifunguliwa wasimame wote wawili katikati, juu ya mti, Tluway kwenye mbao za Manyara na Gwandu kwenye mbao za Arusha, mpaka mwanamke wa mwisho awe amevuka. Walibisha siku tatu. Siku ya nne, wakiwa hawajapata hata jirani wa kuwasalimia, wakaenda mlimani. Nilikalishwa kwenye kiti nje ya hoteli niwaone wakishuka. Wamelowa jasho, mashavu yao yanakaribia kugusana chini ya ule mti, na hapo katikati ya njia nikamsikia Tluway anasema, "Wewe Gwandu, shusha bega, unaniachia uzito wote," na Gwandu anajibu, "Wewe ndio mfupi tangu utotoni." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza ya kuitana "wewe" tangu mkoa ugawanywe. Nyama ya madume yale ilikuwa na mafuta. Nilikula mpaka nikalala nimekaa.

Siku ya mnada wanawake walivuka mmoja mmoja, wengine wakicheza kidogo wakifika katikati kusikia kama mti unalia. Haukulia. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu ya fimbo, na kwa sababu nilitaka kuwa wa mwisho. Karai la maandazi nilijitwisha mwenyewe. Mama Paskalina alitaka kunipokea nikakataa. Tluway, ng'ambo kidogo ya Gwandu, alikuwa anaangalia maji. Akasema, "Pole, mwanangu," polepole, nikaendelea kutembea. Gwandu alikuwa amesimama katikati ya mbao, hakusogea.

"Wamekwisha?" akauliza.

"Bado mimi, shikamoo baba."

Hakuitikia. Aliangalia fimbo yangu, akaangalia mguu. "Lohay tumempatia msichana wa Dongobesh," akasema. Alisema kama mtu anayerusha jiwe.

"Nimesikia."

"Ungenyamaza kidogo tu, mwezi huu ungekuwa kwangu unakaa kivulini."

Shingo ilikuwa imeanza kuniuma kwa karai. Niliona machozi yanakaribia, na sikutaka ayaone yeye, nikamwambia, "Nipishe, baba, maandazi yanapoa."

Alisimama bado kidogo. Kisha akaweka mguu pembeni, akanyoosha mkono akashika kile kizuizi cha upande wake alichokitengeneza mwenyewe, akanipisha. Nilipita nikimgusa bega. Kule mnadani niliuza karai lote kabla ya saa sita, nikarudi, nikavuka. Halafu, sina kitu mkononi wala mahali pa kwenda, nikageuka nikavuka tena.